Sikio halijatazamwa, dawa imeshatoka

"Kaka, naomba dawa ya sikio, mtoto halali."

"Linatoa usaha?"

"Kidogo."

Mkono wa muuzaji unapanda rafu ya juu, kichupa kinashuka, bei inatajwa. Maelekezo ni matone matatu, kutwa mara tatu. Mazungumzo ya namna hii nayasikia mno kwenye maduka ya dawa ya hapa Tanga, na kila mara yananiuma, kwa sababu katika yote hayo hakuna aliyelitazama lile sikio.

Simlaumu muuzaji peke yake. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanzia Ruvuma mwaka 2003, nia ilikuwa kumpa mwananchi aliye mbali na famasi dawa salama kutoka kwa mtu aliyepata mafunzo, na mimi ni miongoni mwa wanaoushukuru. Ila sikio ni kiungo kigumu. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, ni jembamba na limepinda. Bila kifaa cha kumulikia ndani, huoni kitu.

Na mle ndani ndimo mambo yanapotofautiana. Bakteria wakishambulia ngozi ya tundu, maumivu huwa makali: bonyeza kile kinyama kilicho mbele ya sikio, mgonjwa ataruka. Fangasi naye huanza zaidi kwa muwasho, ule wa kumfanya mtu achokonoe sikio kwa kifuniko cha kalamu, halafu sikio linaziba. Ukimulika unaweza kukuta utando mweupe au wa kijivu, pengine una vidoadoa vyeusi. Sisi wa Pwani, kwa joto hili, unyevu huu na watoto wanaoshinda baharini, fangasi wa masikio tunamjua vizuri. Sasa mtu wa fangasi akipewa matone ya antibayotiki, bakteria waliokuwa wakigombania nafasi na fangasi wanakufa, sikio linazidi kuloa, na fangasi anabaki na shamba lote. Baada ya wiki mgonjwa anarudi dukani, anauziwa kichupa kingine cha aina ileile.

Zimekuja pia chupa zenye dawa nne kwa pamoja: antibayotiki, dawa ya fangasi, dawa ya kupunguza uvimbe na ganzi. Daktari aliyeliona sikio anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuiandika dawa hiyo. Inapotolewa kwa kubahatisha ndipo naipinga. Ganzi inatuliza maumivu, uvimbe unapungua, mama anaamini mtoto amepona na kuacha dawa siku ya tatu, ilhali hakuna anayejua ugonjwa ulikuwa upi.

Kubwa zaidi ni ngoma ya sikio. Ikiwa imetoboka, tone linapita moja kwa moja hadi sikio la kati, na baadhi ya dawa, kama gentamisini, zinaweza kudhuru sikio la ndani, mtu akapoteza usikivu au akaanza kuyumba akitembea. Matone ya siprofloksasini hayana hatari hiyo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza dawa za kundi lake kwa mtoto ambaye sikio limetoa usaha kwa siku 14 au zaidi. Usaha wa chini ya siku 14 unahitaji antibayotiki ya kunywa. Kwa hiyo hata swali moja tu, "Limeanza lini?", lingebadilisha dawa inayotoka rafuni. Mara nyingi haliulizwi.

Kuna na hili ambalo halina faida kwa mwenye duka: kukausha. Tone likidondoshwa juu ya usaha linaelea juu ya usaha, halifiki kwenye ngozi. Chukua kitambaa safi cha pamba, au tishu imara isiyochanika ikiloa, uisokote iwe kama utambi, uiingize taratibu sikioni, uiache inyonye. Ikiloa itoe, weka nyingine kavu, mpaka itoke bila unyevu. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa siku, na kila mara kabla ya kuweka dawa. Vijiti vya pamba visitumike, vinasukuma uchafu ndani na kuchubua ngozi. Mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu, ambayo bibi zetu walitupaka kwa mapenzi, nayo yaachwe kwenye sikio linalotoa usaha.

Kichupa kishikwe kiganjani dakika chache kipate joto la mwili, kwani tone la baridi huleta kizunguzungu. Mgonjwa alale ubavu. Sikio la mtu mzima livutwe juu na nyuma, la mtoto mdogo chini na nyuma. Dawa ikishaingia bonyeza kile kinyama cha mbele mara kadhaa, mgonjwa abaki amelala dakika tano. Maelezo haya yote hayamalizi dakika mbili za kuyasema kaunta.

Mzee mwenye kisukari anayeumwa sikio usiku kucha asipewe matone akarudishwa nyumbani, maana kwake maambukizi ya tundu yanaweza kuingia kwenye mfupa wa fuvu. Vivyo hivyo mtoto aliyevimba nyuma ya sikio, au mtu ambaye uso umeanza kupinda upande mmoja. Hao ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Ninachodai ni kwamba kila zahanati iwe na otoskopu, yaani kile kifaa cha kumulikia ndani ya sikio, inayofanya kazi na mhudumu aliyefundishwa kuitumia, na kila muuza dawa awe na ruhusa na ujasiri wa kusema, "Mama, mpeleke kwanza wakalitazame, dawa utakuja kuichukua." Otoskopu ya mkononi inatumia betri za kawaida. Halmashauri inayonunua mashine ya kupimia presha haishindwi kuinunua, na sisi tunaokaa kwenye mikutano ya kijiji na mtaa tuiulize ipo wapi.