Alzheimer si uzee tu: hesabu ya seli inakataa

Mzee anapouliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, jibu la haraka majumbani mwetu huwa kwamba umri umekwenda. Napinga jibu hilo, na ushahidi ninaoutegemea ni hesabu ya seli za ubongo.

Kama Alzheimer, ugonjwa unaoua seli za ubongo na kufuta kumbukumbu, ingekuwa ni uzee uliozidi kipimo, tungetarajia seli za neva zipungue polepole katika ubongo mzima, kwa kila anayejaliwa umri mrefu. Mwaka 1996 mtafiti wa ubongo Teresa Gómez-Isla na wenzake walichapisha matokeo ya kuhesabu seli hizo katika gamba la entorino, eneo dogo lililo ndani ya ubongo, usawa wa sikio, ambalo hukusanya taarifa na kuzipeleka kwenye hipokampasi, sehemu jirani ya ubongo, ili ziwe kumbukumbu. Kwa watu waliofariki wakiwa na akili timamu, idadi ya seli za eneo hilo haikupungua kati ya umri wa miaka 60 na 90. Kwa waliofariki wakiwa na dalili hafifu kabisa za ugonjwa, tabaka la pili la gamba hilo lilikuwa na upungufu wa asilimia 60 hivi, na kwa waliokuwa wamezidiwa upungufu ulikaribia asilimia 90. Maana yake ni kwamba siku familia inapoanza kunong'onezana kuwa huenda mama ana tatizo, zaidi ya nusu ya seli za tabaka hilo huenda zimekwisha kufa.

Wakati huohuo, maeneo yanayoendesha viungo, yanayopokea picha kutoka machoni na yanayosawazisha mwendo husalimika kwa muda mrefu. Ndiyo sababu bibi asiyemkumbuka aliyekuja kumwamkia asubuhi anaweza kukaa mkekani akasuka ukili, vidole vikipindua miyaa na kuongeza mwingine pale unapokwisha, bila hata kutazama. Hapo ndipo huzuka shutuma ambayo mimi huiona ya kikatili kuliko zote, kwamba mbona kusuka hasahau, basi anatufanyia makusudi. Hafanyi makusudi, kumbukumbu ya asubuhi ya leo na ustadi wa mikono uliojengeka tangu usichana hutegemea seli tofauti.

Kwa nini zife kwanza seli za gamba la entorino na si nyingine, wanasayansi wangali wanabishana, ingawa watafiti Heiko na Eva Braak walionyesha mwaka 1991 kwamba mafundo ya protini iitwayo tau, yanayojisokota ndani ya seli zinazougua, huanzia eneo hilo na pembezoni mwake na kusambaa kwa mpangilio unaotabirika.

Kundi jingine linaloangamia ni seli za kiini cha Meynert, chini ya ubongo wa mbele, ambazo hutengeneza asetilikolini, kemikali inayohitajika katika umakini na kumbukumbu. Mwaka 1982 Peter Whitehouse na wenzake, huko Baltimore, waliripoti kwamba wagonjwa waliowachunguza walikuwa wamepoteza zaidi ya robo tatu ya seli hizo. Dawa ya donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huzuia kemikali hiyo isivunjwe upesi, na kwa baadhi ya wagonjwa huleta nafuu ya kiasi. Kifo cha seli haikizuii, na anayeinadi kuwa ni tiba kamili anawadanganya watu walio katika dhiki.

Jambo linaloniudhi zaidi, hata hivyo, liko dukani. Kloropheniramini, ile dawa ya mafua na mwasho inayouzwa bila cheti cha daktari, huzuia asetilikolini isifanye kazi yake, na amitriptilini, dawa ya sonona, hufanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Mzee ambaye seli zake za kuitengeneza zimebaki chache hupewa vidonge hivyo usiku ili alale na nyumba ipumzike. Asubuhi huamka amechanganyikiwa kuliko jana, na wenye nyumba hukubaliana kwamba uzee umepiga hatua. Ningependa muuza dawa, kabla ya kupokea pesa, aulize dawa ni ya nani na ana umri gani, na akijibiwa kuwa ni ya mzee aliyeanza kusahau, aseme waziwazi kwamba hii haimfai, amwone daktari kwanza.