Kuhama Seva Bila Kupoteza Watu: Suala la Imani katika Mitandao ya Kijamii Iliyogatuliwa

Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44 mnamo Oktoba 2022, watu wengi waliokuwa wamejenga biashara, taaluma na urafiki wao humo walianza kutafuta pa kuhamia, na jina lililotajwa zaidi lilikuwa Mastodon, mtandao ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko nchini Ujerumani. Mastodon haina kampuni moja inayohifadhi akaunti zote. Ina maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na machapisho, zinazoendeshwa na watu binafsi, vyama na taasisi, na seva hizo huwasiliana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo ActivityPub, kama vile mwenye anwani ya Gmail anavyoweza kumwandikia mwenye anwani ya chuo chake bila wote wawili kuwa wateja wa kampuni moja. Kufikia mwisho wa mwaka huo watumiaji wake wa kila mwezi walikuwa takriban milioni 2.5, lakini miezi michache baadaye wengi wao walikuwa wameondoka.

Husemwa kwamba waliondoka kwa sababu mfumo ni mgumu. Maelezo hayo nayaona mepesi mno, kwa kuwa ugumu wenyewe ulianzia kwenye imani. Mgeni aliombwa achague seva kabla hajaandika hata neno moja, wakati hamjui msimamizi, hajui seva iko nchi gani, wala hajui nani anailipia. Aliyezoea kuingiza namba ya simu na kuanza kuzungumza na jamaa zake alijikuta akitakiwa kumwamini mtu asiyemjua, bila kupewa chochote cha kumsaidia kupima.

Hata hivyo, hoja za wanaotetea ugatuzi, yaani kugawa mtandao kwa seva nyingi, zina uzito, na kwetu Afrika Mashariki zina uzito zaidi. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi mkuu, na Tanzania iliizuia X, jina jipya la Twitter, Mei 2025. Katika kila tukio, uamuzi mmoja dhidi ya kampuni moja ulitosha kuwakatisha mawasiliano watu wengi. Maelfu ya seva zenye vikoa (anwani za mtandaoni) tofauti ni kazi ngumu zaidi kuzifunga zote, ingawa haiwezekani kusema kwamba hazifungiki kabisa. Vilevile, kesi zilizofunguliwa Nairobi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, na wahakiki wa maudhui, ambao kazi yao ilikuwa kutazama picha na video za ukatili ili sisi wengine tusizione, zilionyesha jinsi usalama wa mtandao mkubwa unavyoweza kutegemea watu ambao mtumiaji hawajui na hawezi kuwauliza lolote. Seva ndogo ina msimamizi mwenye jina, mwenye kanuni zilizoandikwa, anayeweza kujibu ujumbe. Gab, mtandao uliojulikana kwa kuvumilia matamshi ya chuki, ulipoanza kutumia programu ya Mastodon mwaka 2019, seva nyingi ziliukatia mawasiliano bila kusubiri amri ya makao makuu yoyote.

Lakini kwa msimamizi huyohuyo ndipo penye hatari, na hapa ndipo watetezi wengi hupita haraka. Ujumbe wa faragha katika Mastodon haujafungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, unaowaruhusu mwandikaji na mpokeaji tu kuusoma, kwa hiyo mwenye seva anaweza kuusoma akitaka. Mei 2023, maafisa wa FBI walipopekua nyumba ya msimamizi mmoja wa seva ya Mastodon iitwayo Kolektiva nchini Marekani kwa jambo lisilohusu seva hiyo, waliondoka na nakala ya hifadhidata yake isiyosimbwa, na watumiaji ambao hawakuwa na uhusiano wowote na upekuzi huo wakawa na taarifa zao mikononi mwa polisi. Seva ya mastodon.lol ilitangaza mwaka huohuo kwamba itafungwa, baada ya mwendeshaji wake kuchoshwa na chuki aliyokuwa akimiminiwa. Februari 2024, seva iliyotumia kikoa cha .af ilipoteza anwani yake kwa sababu kikoa hicho ni cha Afghanistan, na wenye mamlaka nchini humo, yaani Taliban, walikisitisha. Sidhani kwamba wengi waliojisajili humo waliwahi kujiuliza herufi hizo mbili za mwisho zinamilikiwa na nani.

Dawa iliyojaribiwa ni kumwondolea mgeni uchaguzi. Mei 2023 programu rasmi ya Mastodon ilianza kumpeleka moja kwa moja kwenye seva ya mastodon.social, inayoendeshwa na waundaji wenyewe. Bluesky, mtandao mwingine uliobuniwa kwa ugatuzi, iliyofungua milango kwa umma Februari 2024 na kufikisha watumiaji milioni 20 Novemba mwaka huo, ilikwenda mbali zaidi: mtu hujisajili kama anavyojisajili kwingineko, na akitaka anaweza kutumia kikoa chake kuwa jina lake, hata mwandishi wa habari akathibitika kwa kikoa cha chombo chake cha habari bila kuomba alama ya uthibitisho kwa yeyote. Ni ubunifu mzuri sana. Gharama yake ni kwamba akaunti karibu zote zimekaa kwenye seva za kampuni ileile, na wepesi huo umeturudisha karibu na tulikotoka.

Mimi naukubali mlango huo mwepesi, kwa sharti kwamba mlango wa kutokea uwe mwepesi vilevile. Tanzania iliporuhusu mwaka 2017 kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, mteja hakulazimika kuzichambua kampuni zote kabla ya kununua laini, kwa sababu kosa lake lilikuwa linarekebishika. Mastodon haijafika hapo: wafuasi huhamishika, machapisho hubaki nyuma, na seva ya zamani sharti iwe bado hai ili uhamisho ufanyike. Bluesky imebuniwa ili akaunti nzima ihame pamoja na machapisho yake, lakini utambulisho wa akaunti nyingi bado unategemea sajili iliyoanzishwa na kampuni yenyewe.

Ndiyo maana nayathamini masharti ambayo Mastodon huzidai seva kabla ya kuziorodhesha kwenye tovuti yake: nakala za akiba kila siku, angalau mtu mmoja zaidi mwenye uwezo wa kuingia kwenye mitambo wakati wa dharura, na taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Masharti hayo hukaa kwenye ukurasa ambao wanaojisajili hawana haja ya kuufungua. Yangestahili kuonekana kwenye skrini ileile ya kujisajili, pamoja na jina la msimamizi, nchi iliko seva na anayeilipia, kwa lugha ya anayejisajili, kabla hajaombwa nenosiri.