Biashara ndogo za Lubumbashi na mitandao ya kijamii: ni uuzaji upi unaoweza kudumu?

Miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa Lubumbashi, mji wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia wauza vitenge wa soko la komuni ya Kenya hadi wenye saluni za Katuba na Kampemba, kuna mabishano ambayo hayajapata mwamuzi. Upande mmoja unasema kwamba asiyeweka bidhaa zake kila siku Facebook, TikTok, Instagram na WhatsApp amejifungia dukani mwenyewe, kwa kuwa mteja wa leo huchagua kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Upande wa pili unajibu kwamba kazi hiyo hula mega (data ya intaneti ya simu) na muda, huleta watazamaji wengi na wanunuzi wachache, na kwamba mteja wa kudumu ni yule aliyeletwa na jirani yake. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini wa kwanza wanahesabu watazamaji na wa pili wanahesabu uchovu. Kwa maoni yangu, kinachopaswa kuhesabiwa ni wateja ambao mwenye duka anaweza kuwafikia tena kesho bila kumtegemea mtu mwingine.

Tuwape haki yao kwanza wanaoitetea mitandao. Mama asiye na mtaji wa kukodi meza sokoni anaweza kuuza akiwa nyumbani kwake Ruashi, akapokea malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kisha akatuma kifurushi kwa basi hadi Likasi au Kolwezi, miji ambayo sauti yake ya sokoni isingefika kamwe. Mzigo unapoingia kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, asubuhi, wateja wake wanaweza kuwa wameuona kabla ya jua kuzama. Faida hii ni kubwa, hasa kwa wanawake wanaolea watoto wadogo, na anayewaambia waache simu warudi kusubiri wapita njia hajaitazama hesabu yao.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili ina uzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Wao hulalamikia uchovu, ilhali hatari kubwa zaidi ni kujenga juu ya kiwanja cha mwingine. Mwezi Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa za biashara; waliokuwa wametumia miaka kukusanya wafuasi wakaona machapisho yao yakiwafikia wachache, bila wao kukosea lolote. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita. Nasi Wakongomani tunayo kumbukumbu yetu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 serikali ilikata intaneti nchini kwa karibu siku 20, katika msimu uleule ambao watu walikuwa bado wanatumiana salamu za mwaka mpya. Aliyekuwa na namba za wateja wake daftarini alipiga simu. Aliyekuwa na wafuasi tu alisubiri.

Tukio la 2021 linafundisha jambo ambalo washauri wengi hulipita haraka. Wanasema uwe kwenye mitandao mingi ili usiangamie na mmoja, lakini Facebook, Instagram na WhatsApp zina mmiliki mmoja, kwa hiyo aliye kwenye zote tatu amezidisha kazi bila kupunguza hatari. Kinga halisi ni ya bei ndogo: daftari au jedwali lenye jina la mteja, namba yake, alichonunua na lini. Iandikwe siku ya mauzo, si mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo WhatsApp inapofaa kuliko mingine kwa duka dogo, kwa sharti kwamba mwenye duka anaelewa inavyofanya kazi. Picha ya status hukaa saa 24 tu, na orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi hupokea watu 256, tena ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba ya muuzaji kwenye simu zao. Maana yake ni kwamba kumwomba mteja ahifadhi namba yako wakati unamfungia bidhaa yake kuna thamani kuliko machapisho kumi. Na aombwe kweli: kumwingiza mtu katika kundi bila kumuuliza kunamchosha, na Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inazilinda taarifa binafsi za watu, namba za simu zikiwemo.

Kuna tabia moja ambayo naiona inaumiza biashara zetu kuliko mabadiliko yoyote ya Facebook, nayo ni kuficha bei. Picha ni nzuri, maelezo ni marefu, kisha mteja anaambiwa aulize faraghani. Wauzaji wana sababu zao, nami sizidharau: mshindani wa jirani anaweza kushusha bei baada ya kuiona, kiwango cha dola dhidi ya franka hubadilika na kuifanya bei ya jana iwe ya uongo leo, na desturi ya sokoni ni kupatana, kwa hiyo bei iliyoandikwa inafunga mlango wa mazungumzo. Lakini mtazame mnunuzi mwenye mega chache. Kuuliza kunamgharimu, kusubiri jibu kunamgharimu, na akijibiwa bei tofauti na ya dada yake anajua kwamba amepimwa uso. Naye muuzaji anajikuta akijibu swali lilelile mchana kutwa, na huo ndio uchovu ambao baadaye anausingizia mtandao. Tatizo la kiwango lina dawa rahisi: andika bei kwa dola pamoja na tarehe ya mwisho ambayo bei hiyo ni halali. Mshindani, kwa vyovyote, ataijua bei kwa kumtuma mtu aulize. Kuhusu kupatana, mwenye kununua vipande vitatu atapatana tu, hata bei ikiwa imeandikwa.

Picha nazo ziwe za mzigo ulio mkononi. Anayechukua picha kutoka tovuti za China kisha akaleta kitambaa cha rangi nyingine amemuumiza mteja wake pamoja na wauzaji wote wa mji huu wanaohitaji kuaminiwa kabla ya kuonekana.

Kuhusu kasi, sioni sababu ya kuchapisha kila siku. Umeme unakatika, simu inazima, watoto wanahitaji kula. Mara mbili au tatu kwa wiki, siku zinazojulikana, kunatosha, na ujumbe wa sauti kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi mara nyingi utasikilizwa na mama ambaye asingesoma aya ya Kifaransa.

Linabaki suala la matangazo ya kulipia. Facebook kwa kawaida hudai malipo kwa kadi ya benki, ambayo wengi hawana, kwa hiyo fedha hupitia kwa kijana anayelipa kwa niaba yao. Msaada huo ni halali, ila ukurasa ubaki kwa jina na nywila ya mwenye duka, maana wakikosana huyo kijana ataondoka na wateja wote. Kisha hesabu ifanywe kabla ya kulipa. Tuseme kipande cha kitenge cha yadi 6 kinamwachia muuzaji faida ya dola 3: tangazo la dola 10 linamtaka auze vipande vinne ambavyo asingeviuza bila tangazo, ndipo apate dola 2 zake. Katika wiki za mwisho za Agosti, wazazi wanapotafuta sare na viatu kabla ya shule kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, au katika Desemba ya sikukuu, hesabu hiyo inaweza kutimia. Katika miezi mingine dola 10 hizo zinunue mega za kuwajibu haraka wale waliokwisha kuandika.