Mila Hazina Msemaji Mmoja

Mwaka 2016 jopo la usuluhishi liliamua kwamba haki za kihistoria ambazo China inazidai katika Bahari ya China Kusini hazina msingi wa kisheria. China iligoma kushiriki tangu mwanzo, na uamuzi ulipotoka ikautangaza kuwa batili. Watu wengi walihitimisha kwamba nchi ile haiheshimu sheria. Naona wamekimbilia hitimisho.

China inakumbuka Mkataba wa Nanjing, 1842. Imeshindwa vitani, inaikabidhi Uingereza Hong Kong, inalazimishwa kufungua bandari tano. Yote yalipita kwa saini na mihuri. Taifa lililoonja sheria ya kimataifa namna hiyo haliwezi kuwa na imani nayo sawa na Ulaya, ambako mikataba ya Westphalia ya 1648 inakumbukwa kwa kumaliza vita vya miaka thelathini. Simaanishi kwamba China ilikuwa sahihi mwaka 2016. Naeleza tu chuki yake ilikotoka.

Mila nazo, kama historia, zina nafasi yake katika namna watu wanavyoiona sheria hiyo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, ibara ya 29, unamtaka mtu awaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wanapohitaji. Katika mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu wa 1950 hukuti wajibu huo. Kwa walioandika ule wa Afrika, mtu ni watu, na haki bila wajibu ni nusu ya maneno. Nakubaliana nao kabisa.

Kinachonikera ni serikali kugeuza mila kichaka cha kujifichia. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopigiwa kura Umoja wa Mataifa mwaka 1948, nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 zilijizuia. Miongoni mwa hizo 8, Saudi Arabia ilikuwa na pingamizi la kidini kuhusu ndoa na uhuru wa kubadili dini. Afrika Kusini ilikuwa inalinda ubaguzi wake wa rangi. Kura zao zilifanana, lakini kuziweka kapu moja ni kuwaonea wenye hoja ya imani.

Hata hoja hiyo ya imani ilijibiwa kutoka ndani. Pakistan, nchi ya Waislamu vilevile, ilipiga kura ya ndiyo, na waziri wake wa mambo ya nje, Zafrulla Khan, alitetea uhuru wa dini kwa kuitegemea Kurani. Kwa hiyo serikali ikisimama kusema "mila zetu haziruhusu", nataka kusikia pia wanasemaje raia wake wenye mila hizohizo, hasa wale iliowafunga.