Nyayo za Adui Hazimo Ndani ya Kadi ya Sauti

Kijana wa Nairobi anayejiundia kompyuta ya gemu mara nyingi huanza na mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika Uingereza, zile OptiPlex na EliteDesk zinazopangwa madukani kama matofali. Anaongeza RAM, anatafuta kadi ya michoro itakayoingia kwenye boksi lile jembamba, kisha anaambiwa bado kimoja: kadi ya sauti, kifaa cha kuchomekwa ndani ya kompyuta ili kishughulikie sauti. Bila hiyo, anaelezwa, hatasikia nyayo za adui anayemjia kwa nyuma. Ushauri huu utaupata kwenye maduka ya Luthuli, utaupata Moi Avenue, na anayeuliza kama sauti iliyokuja na bodi mama, ile bodi kuu ya kompyuta, haitoshi huonekana mgeni wa gemu. Mimi naona sauti hiyo ya bodi mama inaonewa. Wanaotetea kadi wana hoja, na baadhi yazo ni nzito. Hoja ya nyayo, ambayo ndiyo hutangulizwa kila mara, haimo miongoni mwa hizo.

Haikuzuliwa lakini. Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Sound Blaster ya kwanza ilitolewa mwaka 1989 na Creative, kampuni ya Sim Wong Hoo wa Singapore, wakati PC nyingi zilijua kutoa mlio wa “bip” tu. Kufikia 1998 Sound Blaster Live! ilikuja na EAX, teknolojia iliyoifanya risasi ya ndani ya handaki isikike tofauti na risasi ya uwanjani. X-Fi ya 2005 ilibeba chipu yenye transista milioni 51, zote kwa ajili ya sauti. Prosesa nyingi za siku hizo zilikuwa na kiini kimoja, na kuzibebesha hesabu za mwangwi na mwelekeo kulipunguza kasi ya picha. Kadi ilizipokea hesabu hizo. Aliyekuwa na kadi nzuri alisikia mambo ambayo mwenzake hakuyasikia.

Mwanzoni mwa 2007 ikaja Windows Vista. Microsoft iliujenga upya mfumo wa sauti, na ile njia ambayo gemu ilitumia kuikabidhi kadi hesabu zake, kupitia DirectSound3D, ikafungwa. Sijui kwa nini tukio hili halitajwi mtu anapouziwa kadi, maana ndilo linalogawa zama mbili. Tangu hapo gemu yenyewe, ikitumia prosesa, ndiyo inayokokotoa adui yuko umbali gani, ukuta gani umemkinga, na yuko upande upi wa kichwa chako. Ikimaliza, huchanganya kila kitu na kuikabidhi Windows sauti iliyokwisha kupikwa. Kwa mtu aliyevaa hedifoni, kinachoifikia kadi ni mikondo miwili ya namba, mmoja wa sikio la kushoto na mwingine wa kulia. Kazi ya kadi ni kuzigeuza namba hizo kuwa umeme. Haijui kama kuna adui. Chipu ya sauti ya Realtek iliyo kwenye bodi mama hupokea namba zilezile, kwa mpangilio uleule, na nyayo zimo ndani yake tayari.

Wapo ambao historia hii inawapa sababu halali ya kununua. Creative walitoa programu ya ALchemy ili EAX ifanye kazi tena kwenye gemu za zamani, kwa hiyo anayependa kucheza gemu za enzi ile na kusikia mwangwi wake kamili atafute Sound Blaster, wala asione haya. Lakini anayecheza gemu za risasi za mtandaoni kama Valorant au Counter-Strike jioni baada ya kazi hana uhusiano na habari hiyo.

Mwelekeo katika gemu hizi hutengenezwa hivi. Sauti ya kushoto hufika sikio la kushoto kabla ya la kulia, kwa tofauti isiyofika hata milisekunde moja. Kichwa huipunguza kidogo inapovuka. Mikunjo ya sikio nayo huibadilisha kulingana na kama inatoka mbele, nyuma au juu. Hesabu za kuiga mambo haya matatu huitwa HRTF. Counter-Strike: Global Offensive ilizipata mwaka 2016, Valorant mwaka 2021, na zote zimekusudiwa hedifoni za kawaida za stereo. Hapo kadi ya bei ghali inaweza hata kuharibu, kwa kuwa nyingi huja na 7.1 ya kuigiza, yaani programu inayojifanya una spika nyingi zilizokuzunguka. Ukiiwasha juu ya HRTF ya gemu, mwelekeo unakokotolewa mara mbili, na hatua iliyokuwa nyuma kulia inatapakaa kichwa kizima. Mtu akikwambia kwamba tangu anunue kadi hajui tena anapigwa kutoka wapi, mwombe azime hiyo kwanza. Na akiwa anacheza kwenye seva ya Ulaya, taarifa huchukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi kutoka Nairobi. Safari hiyo hakuna kadi ya sauti inayoifupisha.

Namba nyingine inayowatia watu hofu ni uwiano wa sauti na kelele, yaani sauti inaizidi kelele ya kifaa chenyewe kwa kiasi gani. Realtek ALC897, iliyo kwenye bodi mama nyingi za bei nafuu, mtengenezaji ameiandikia desibeli 97. Sound Blaster AE-7 imeandikiwa 127. Ukiziweka kando kwa kando unadhani mmoja amefeli mtihani. Tuikalie hiyo 97 kidogo. Sauti ya CD yenyewe, kwa biti zake 16, ina nafasi ya desibeli zipatazo 96. Sasa chukua mlipuko mkubwa kuliko yote katika gemu ukugonge sikioni kwa desibeli 95, kiwango ambacho ukikizoea kila siku utaharibu masikio. Kelele ya chipu itakuwa desibeli 97 chini ya hapo, yaani chini ya sifuri, mahali ambapo sikio la kawaida haliisikii. Chumba kilichotulia usiku huwa na takriban desibeli 30, na cha ghorofani Roysambu, Thika Road ikinguruma, huwa na zaidi. Desibeli 30 zinazotenganisha 97 na 127 ziko chini ya feni ya kompyuta yenyewe. Unalipia ukimya ambao chumba chako hakina.

Hata hivyo 97 ni ahadi ya chipu. Bodi mama inaweza isiitimize, na hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu ambayo sipendi kuipunja. Mashine ya ofisi haikubuniwa ikiwa na mchezaji mawazoni. Ukiichomekea kadi ya michoro, mkondo wake mkubwa wa umeme hupanda na kushuka kila picha inapobadilika, na mitetemo hiyo huweza kuvuja hadi kwenye njia za sauti. Utaisikia kama mluzi mwembamba unaofuata mwendo wa kipanya. Huyo anayelalamika haoti. Kabla hajanunua kitu, ahamishe hedifoni kutoka tundu la mbele hadi la nyuma, kwa sababu waya wa tundu la mbele hupita ndani ya boksi zima ukiokota kila kelele iliyo njiani. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Lisipoisha, basi ni kweli anahitaji kifaa kingine cha sauti. Swali ni kipi.

Kadi ya ndani ya PCIe, ile inayochomekwa kwenye bodi mama, hukaa jirani na kadi ya michoro na kula umeme uleule, kwa hiyo kelele inaweza kuifuata. Kwenye yale maboksi membamba, nafasi za kadi ni chache na fupi, na kadi ya michoro iliyonenepa huziba ya pili. Laptopu hazina nafasi hiyo kabisa. Kifaa kidogo cha nje cha USB hutenganisha sehemu nyeti na boksi lenye vurugu, na si lazima kiwe ghali: kile kiunganishi cha Apple cha USB-C, kinachouzwa dola 9 Marekani, kimepimwa na kuonekana safi kuliko bodi mama nyingi. Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote. Hedifoni nyingi za gemu ni za USB, na hizo zina chipu zao za sauti ndani. Sauti yake haipiti kwenye chipu ya sauti ya bodi mama wala kwenye kadi ya PCIe. Anayezitumia na kuuziwa kadi ya ndani amenunua kitu ambacho masikio yake hayatakifikia kamwe.

Kuna pia muungurumo mzito wa spika ambao wengi hulaumu bodi mama. Umeme wetu ni wa hezi 50, na muungurumo wa kiwango hicho kwa kawaida hutoka kwenye nyaya: ekstensheni isiyo na waya wa ardhi, au kompyuta na spika zilizochomekwa kwenye soketi mbalimbali. Kadi mpya itaunguruma vilevile. Fundi wa umeme, au kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi, ndiyo dawa ya kujaribu.

Pesa zilizopo ziende kwanza kwenye hedifoni zenyewe, ambazo tofauti yake hata mtoto ataisikia. Hedifoni za gemu zenye waya, kwa kawaida, ni za omu 32 hivi (kipimo cha ukinzani wa umeme) na bodi mama huziendesha bila shida. Anayemiliki kitu kama Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250 atakuta sauti ni ndogo hata akiipandisha hadi mwisho. Anayerekodi sauti yake kwa watazamaji naye ataudhika na tundu la maikrofoni la bodi mama, ambalo kwenye mashine nyingi ndiyo sehemu dhaifu kweli. Hao wawili wanunue kifaa cha nje cha USB chenye nguvu ya kuendesha hedifoni na ingizo safi la maikrofoni. Siku wakiiuza ile OptiPlex, watahama nacho.