Msanii Asizunguke Majumba Matano kwa Siku Moja

Wasanii wengi wakisafiri kwenda kuona sanaa hujipangia ratiba isiyo na nafasi ya kupumua: majumba matatu kabla ya adhuhuri, mawili alasiri, ufunguzi wa onyesho jioni. Hiyo ni ratiba ya mtalii. Mchoraji anayetaka safari iguse kazi yake achague jumba moja kwa siku, na humo kazi nne au tano, kila moja aipe nusu saa.

Picha ya kitabuni au ya simu huficha ukubwa, unene wa rangi na kingo. Kitabuni, michoro ya Mona Lisa na Guernica yaweza kupewa ukurasa mmoja mmoja. Ukutani, Mona Lisa, iliyoko makumbusho ya Louvre mjini Paris, ni ubao wa sentimita 77 kwa 53, tena nyuma ya kioo. Guernica, aliyoichora Picasso mwaka 1937 na iliyoko Madrid, ina kimo cha takriban mita 3.5 na upana wa mita 7.8. Ya kwanza unaisogelea. Ya pili inakurudisha nyuma utake usitake, na hilo ni sehemu ya kazi yenyewe.

Anza mbali, sogea, kisha simama pembeni kabisa, karibu na ukuta, uitazame picha kwa mshazari. Hapo uso wa rangi unajionyesha. Kwa Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, kwa mfano, utaona mwanga wa paji la uso umejengwa kwa rangi nene iliyotuna, ilhali vivuli vimepakwa vyembamba. Tafuta mabaka yaliyofifia katikati ya sehemu zinazong'aa: mara nyingi ni mafuta yaliyofyonzwa na tabaka la chini, shida ileile inayosumbua turubai zetu. Ila usinyooshe kidole wala penseli kuelekea kwenye picha.

Nasema penseli kwa sababu makumbusho mengi hayaruhusu wino. Chora kwanza mgawanyo wa giza na mwanga, dakika tano zinatosha, ndipo upige picha kwa simu bila flashi. Ukitanguliza simu, jicho huacha kutafuta. Piga na kibandiko cha maelezo papo hapo.

Kazi za karatasi zina mambo yake. Mwanga huzifubaza, kwa hiyo kwa kawaida huonyeshwa kwenye mwanga hafifu wa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, kwa miezi michache, kisha hurudishwa ghalani. Usifunge safari kwa ajili ya mchoro bila kuuliza kama uko ukutani. Baadhi ya makumbusho makubwa yana chumba cha kusomea ambako, kwa miadi, unaletewa mchoro mezani. Saa moja humo naiona bora kuliko siku nzima ya kuzurura kumbini.

Kukutana na wasanii wenzako nako usikuachie usiku wa ufunguzi. Mwenye onyesho anasalimia watu, hawezi kuzungumza. Omba mapema kumtembelea studio, mchana, na uende na kazi zako mbili tatu ndogo za kushikika mkononi. Maswali ya "msukumo wako ni nini" huzaa majibu ya hotuba. Muulize turubai anaitayarisha kwa kutumia kitu gani, tabaka la kwanza analiacha likauke muda gani, na umwombe akuonyeshe kazi iliyomshinda. Hiyo ndiyo itakayofungua mazungumzo.

Mkibadilishana kazi za turubai, ziviringishwe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba nene, na karatasi laini isiyo na asidi juu yake. Rangi ikiviringishwa kwa ndani hubanwa, na ukija kuitandaza hupasuka. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene isiviringishwe kabisa. Juu huonekana kavu wakati chini bado ni mbichi. Tapentaini, kiyeyusho cha rangi ya mafuta, iache ulikoikuta: inashika moto upesi, nayo hairuhusiwi ndani ya ndege.