Homuweki ya mtoto, kesi ya baba

Hivi mtoto akipewa homuweki anayepewa ni mtoto au ni mimi? Maana jana nimefika nyumbani saa mbili usiku, kutoka Posta mpaka Mbagala nimesimama na mguu mmoja, ule mwingine sijui alikuwa anaukanyaga nani, Luku imekata, nasema nile nilale, binti yangu wa darasa la tano huyo na daftari: "Baba, tumeambiwa tuandike cook kwa nyakati kumi na mbili, halafu mzazi asaini."

Kumi na mbili! Mimi nyakati ninazozijua ni mbili tu, kabla ya mshahara na baada ya mshahara, na hiyo ya pili haimalizi wiki.

Lakini mbele ya mtoto utasemaje hujui. Nikavuta kiti, nikawasha tochi ya simu, nikakohoa kiprofesa, nikamwambia mwanangu hapa umefika, sisi Kiingereza tumekisomea fimbo. Na kimoyomoyo nilishukuru ni cook, kitenzi chenye adabu zake, siyo kama go ambayo ikifika jana inaitwa went, sijui ilikuwa inakimbia madeni. Cook unabandika ed unaenda kulala.

Nikaanza. I cook, you cook, we cook, they cook, he cook. "He cooks, baba." Haya, hiyo s ya nini? Mtu mmoja ndo anapewa s, wakiwa wengi wananyang'anywa! Halafu mpishi mwenyewe naye anaitwa cook, wakiwa wengi ni cooks, kwa hiyo the cook cooks, the cooks cook, s ile ile moja inahamahama kama abiria anayetafuta siti.

Nikamwambia ndo maana napenda Kiswahili, mambo yapo wazi, unaweka na, li, me, ta, basi. Kakaniangalia. "Mbona ukikataa inabadilika? Unapika, hupiki. Ulipika, hukupika. Umepika, hujapika. Utapika, hutapika." Hilo la mwisho sikujua kama ananisomesha sarufi au anazungumzia tumbo langu, nikasema turudi kwenye Kiingereza.

Wakati uliopita sasa. Nikasema kwa sauti ya mamlaka, "I kukedi." Akacheka mpaka penseli ikaanguka. "Siyo kukedi baba, ni kukt. Mwalimu kasema ushike koo." Nishike koo? Eti sauti ya mwisho kabla ya ed ikitetemesha koo unasema d, kama cleaned. Isipotetemesha unasema t, kama cooked na washed. Neno likiwa linaishia na t au d lenyewe, ndo unatamka id, kama wanted. Nikashika koo. Klinnn, kweli kunatetemeka. Kuk, kimya. Mdogo wake naye akashika la kwake, tukawa watatu gizani tumejikaba roho, kk, kk, kk, jirani alikuwa anakuja kuomba kiberiti, akafika mlangoni akatuona, akarudi kwake na giza lake.

I am cooking hiyo wala sikuhitaji maelezo, ndo wakati wa makonda wote, "tunaondoka tunaondoka," saa zima hata injini haijawashwa. Pafekti je? Fundi cherehani wangu huyo. Ameshamaliza, bado vifungo. Tangu Idi.

Tukafika presenti pafekti kontinyuasi. Mimi mtu nikishapata mzuka napaza sauti, nikasema, "I have been cooking since morning!"

Jikoni kukawa kimya.

"Nani?" Mama watoto huyo, kasimama mlangoni na mwiko. "Nani amepika tangu asubuhi?"

Nikamwambia mke wangu huu ni mfano tu. Mfano wa nini, akauliza, wewe hata chumvi inapokaa unapajua? Nikasema haya tufute, mwanangu andika Mother has been cooking. Akasema hapana, usifute, endelea, nataka nione utaishia wapi. Sasa zilizobaki ndo zile nzito, I will have been cooking, kwa Kiswahili sijui ndo nitakuwa nimekuwa nikipika, nikimtazama usoni natafsiri kwa kuchechemea, na yeye kila nikimaliza moja anajibu "Lini?" Miaka kumi na moja ya ndoa, ananiuliza lini, mimi najitetea kwa sarufi ya watu wa Uingereza!

Nikaona nimpooze. Nikamwambia binti, chini pale andika, My wife is a very good cooker. Si teach ni teacher? Drive si driver? Basi cook ni cooker! Binti akaziba mdomo. "Baba... cooker ni jiko."

Jamani, kwani nimekosea? Kijana akioa hapa mjini si tunasema kapata jiko? Nikaeleza hivyo. Haikusaidia. Mwiko ulikuwa bado uko juu, akasema kumbe mimi jiko eeh, na hapo hapo ikaja harufu.

Maharage. Yalikuwa yamebandikwa tangu saa kumi na moja, na yeye kasimama mlangoni anasikiliza Kiingereza changu. Tulivyofunua sufuria moshi ukatoka kama tunavukiza majini, na binti bado ana daftari mkononi, anauliza hayo ni burned au burnt. Eti mwalimu alisema zote sawa. Mama yake akasema andika zote, na ya baba yako.

Nimesaini. Ugali tumekula kwa dagaa walalahoi waliobaki mchana, nimelala na njaa ya aina yake, asubuhi naamka kuchemsha chai, kwa sababu sasa tunathibitisha kwa vitendo, mtungi wa gesi umeisha. Si ndo yale maharage, yaliunguzwa na gesi ya nani? Na lile jiko lenyewe upande wa kushoto halishiki moto vizuri, fundi alilichokonoa mwezi uliopita akala hela yangu akasema litatulia, nimempigia sasa hivi, anasema anakuja.